Koti Lenye Mgongo Uliofungwa

Siku ya kwanza kazini sikupewa mashine. Maître Ilunga, fundi mkuu na mwenye atelier yetu ya ushonaji pale mtaani Kamalondo, alinipa sumaku ndogo na kuniambia niokote pini zote sakafuni.

“Weye unapenda kuota sana,” alisema. “Jifunze kwanza kuinama.”

Yaya Odette, dada yetu mkubwa aliyesimamia mashine, akacheka. “Usisikie haya, mutoto. Ata askofu alianza na kuinama.”

Sina mvi hata moja, najua. Ila kazi ya ushonaji nimeiacha kweli, na wadogo wa mtaani wananiuliza kila mara ilikuwaje, basi wacha niseme kama mzee. Mkicheka, mcheke polepole.

Kutoka pini nilipanda kwenye vifungo, kisha ourlet, yaani pindo la chini la suruali na gauni. Halafu nguo za mama wa kanisa, zote kitenge kimoja, na kila mama anataka yake ipite ya mwenzake. Mwisho nikapewa nguo za maiti. Hiyo ndiyo kazi ngumu. Koti la maiti halifungwi mgongoni: unaliacha wazi kutoka kola mpaka chini, kwa sababu mikono yake imekauka, haikunjiki. Unaingiza mikono kwa mbele, unakunja kingo chini ya mgongo, basi. Mara moja nilifunga kola tu, Maître akapiga kelele mpaka wauza mikate wakachungulia mlangoni.

Maître alikuwa mzee wa kanisa. Kila asubuhi tulisali kabla ya kugusa pedali, na hakuchoka kutuambia kwamba kumvika maiti kunapita zawadi zote. “Ule hatarudi kusema merci. Njo huruma ya kweli ile.”

Niliamini. Mpaka habari ya Trésor, ambayo mpaka leo inanichanganya.

Trésor alijifunza kazi pale kabla yangu. Alilala nyumbani kwa Maître, alikula sahani moja na watoto wake. Siku moja akabeba surjeteuse, mashine ile inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke. Tulikuwa nayo moja tu. Akaiuza Mokambo, kwenye mpaka, na kwetu hakurudi tena. Maître aliapa mbele ya wote: “Sura ya ule mutoto sitaiona tena, ata akiwa mu sanduku.”

Basi asubuhi moja Mama Kapinga, mama yake Trésor, akaingia na kitambaa cha bluu kifuani. Hakukaa.

“Maître, Trésor alikufwa.”

“Nilisikia, mama. Pole.”

“Ku lupitalo, mbele ya kufwa, alisema: koti yangu, Maître mwenyewe njo ashone.”

“Na surjeteuse gani?” Yaya Odette aliuliza mashine yake, si mama.

“Odette, funga kinywa.” Maître alitazama kitambaa kwa muda mrefu. “Weka pa meza, mama. Mukristo hakatalie maiti nguo. Lakini ku morgue mie sitafika.”

“Bipimo je?”

“Bipimo niko nabyo.”

Akakata bila kushika mètre ya kupimia. Alichora mabega kwa chaki mara moja tu, kama mtu anayeandika jina lake. Alishona mwenyewe, akapiga pasi mwenyewe, akakunja. Hatukulifungua tena.

Kesho yake Mama Kapinga alirudi mbio, kitenge kinamwanguka.

“Maître, koti haiingie! Ulifunga mugongo! Chorale ya kanisa inangoja, banasema bamuzike na drap tu, shuka ya kitanda. Mutoto yangu ataenda kama mwizi?”

Mgongo umefungwa? Na Maître Ilunga? Yaya Odette alininong’oneza, “Ni hasira ile. Anataka mama apate haya.” Mimi nilifikiri amesahau. Lakini je, mtu anasahau kitu anachotupigia kelele kila siku? Nilimtazama Maître usoni. Alichukua mkasi, sindano na uzi, akaniita kwa kidole, tukamfuata mama.

Mlangoni mwa morgue, nyumba ile ya maiti, Maître alisimama. Akaninyooshea mkasi, niingie mimi. Mkono wangu haujafika, akauvuta tena. Akaingia.

Alimtazama Trésor usoni. Kisha akapasua koti kutoka kola mpaka chini, tukamvika. Kwa desturi kazi ilikuwa karibu imekwisha. Mimi nilianza kukunja kingo. Yeye akamgeuza Trésor ubavu, akamwegemeza kifuani pake kama mtoto mwenye homa, akaniambia nitie uzi kwenye sindano. Akaanza kushona ule mgongo kwa mkono, polepole, kwa mishono midogo midogo.

“Maître, ni nani ataona?”

“Kule chini kuko baridi,” alisema.

Mama Kapinga aliweka mkono juu ya mgongo wa Maître, akauacha pale mpaka uzi ukakatwa. Trésor alizikwa ndani ya koti.

Atelier ilifungwa macho ya Maître yalipochoka. Alirudi kwao Mitwaba, kulima. Mimi sasa nauza vitenge sokoni, na kichwani nachora magauni ya duka langu litakalokuja. Mapadri wanahubiri huruma vizuri, nasikia, natikisa kichwa. Lakini nikifika kwenye koti lile napotea. Kama alikuwa ameshasamehe, kwa nini alifunga mgongo? Kama hakusamehe, kwa nini aliushona tena? Au mikono yake ilikata koti la kijana aliye hai, kwa sababu haikumjua Trésor mwingine?

Siku ya kuagana, magunia yake yakiwa tayari juu ya gari, nilijikaza.

“Maître, Trésor ulimusamehe?”

Alifuta miwani kwa ncha ya shati, akavaa, akavua tena.

“Sijue, mutoto yangu. Kila siku ninamuuliza Mungu.” Akapanda. Gari lilipoanza kuondoka alitoa kichwa dirishani. “Lakini mabega, uliona? Koti ilimukaa muzuri.”