Tundu kwenye Kitambaa cha Biliadi

Meza ya biliadi ya bwana ilikuwa ndefu kuliko chumba nilicholala na mke wangu na mtoto. Najua kwa sababu niliipima kwa hatua, nikaenda lainini, kwenye safu ya vyumba vya wafanyakazi, nikapima chumba, na siku hiyo nzima nilikuwa na hasira hata chai haikunipitia vizuri.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kwenye shamba la kahawa huko Ruiru, na mimi nilikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu mwenye shamba. Kila Ijumaa kazi yangu ilikuwa kuitunza ile meza. Wachuma kahawa walinicheka. "Mwanamume mzima unapigia jiwe pasi!" walisema, na kweli chini ya kile kitambaa cha kijani palikuwa na bamba la jiwe. Niliwaacha wacheke. Kazi ile ilikuwa na ufundi wake, na nilijivunia, siwezi kudanganya.

Kitambaa kilikuwa cha sufu, na sufu ile ina vinyweleo vinavyolala upande mmoja. Unaanzia mahali mchezo unapoanzia, unasukuma brashi moja kwa moja mpaka mwisho, unainyanyua, unarudi kuanza tena. Hurudishi brashi nyuma, wala huizungushi kama mtu anayepangusa meza ya chakula. Lile vumbi letu jekundu unalisukuma mpaka ukingoni, unalichota. Maji ni mwiko. Mwisho unapiga pasi, na ilikuwa pasi yake maalum, nzito, isiyotiwa makaa ndani. Unaipasha moto juu ya jiko, unaijaribu kwenye gazeti, na gazeti likibadilika rangi unangoja. Ukikosea, mpira unakwenda upande, na bwana anajua ni nani wa kulaumiwa.

Bwana angenifukuza kwa kosa dogo, lakini si kazi iliyoninyima usingizi. Ni mke wangu. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ikipigana na Mau Mau, na Mkikuyu asiye na karatasi za kuishi mahali alipakiwa kwenye lori kama gunia. Mke wangu hakuwa na karatasi. Alikuwa ametoroka kijiji cha kulindwa, kambi ya serikali iliyozungukwa na askari kule upande wa Murang'a, ambako wanawake walichimba handaki kutwa nzima na ambako mtoto wetu wa kwanza alikufa kwa kuhara. Alinifikia akiwa na wa pili mgongoni, wiki sita tangu azaliwe, miguu imepasuka. Nikamficha chumbani kwangu. Nyapara wa shamba alijua, akanyamaza kwa sababu ya sukari niliyompelekea kutoka jikoni. Nikifukuzwa, chumba kinakwenda, na yeye anarudishwa kule pamoja na mtoto. Niliamka na wazo hilo na kulala nalo.

Sasa mpini wa ile pasi maalum ukavunjika. Ikapelekwa kwa fundi Thika, na Alhamisi nikatumwa kuichukua. Fundi hata hakuwa ameigusa. Niligombana naye mpaka nikaishiwa na maneno, nikarudi mikono mitupu. Jumamosi kulikuwa na wageni wa kucheza. Ijumaa asubuhi bwana na bibi yake wakaenda Nairobi, wakasema watarudi saa kumi, na mezani nikaachiwa agizo lile lile la siku zote: brashi, kisha pasi.

Nikachukua pasi ya makaa ya jikoni. Mtu mwenye akili angeacha meza bila pasi akasema ukweli. Mimi niliogopa ukweli. Nilipiga pasi nusu ya meza vizuri kabisa, kisha nikaona makaa yanafifia, nikafanya kile ambacho kila mtu aliyewahi kupiga shati pasi hufanya bila kufikiri: niliinua pasi usoni nikaipuliza. Pale pale juu ya meza! Cheche zikatoka matunduni, nyingine zikazimika hewani, moja ikatua kwenye kijani. Nikaipiga kwa kiganja. Nilipoondoa mkono palikuwa na tundu, dogo kama punje ya haragwe, na harufu ya nywele zilizoungua.

Niliketi sakafuni. Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Kisha nikatoka mbio kwenda lainini.

"Umefanya nini?" mke wangu akauliza aliponiona.

"Nimetuua," nikamwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akachukua sindano yake nyembamba, ile ya kutarizi vitambaa vya makochi aliyofundishwa kuitumia misheni, akamfunga mtoto mgongoni. "Twende nikaone."

Tuliingia kwa mlango wa jikoni. Hakuwahi kukanyaga nyumba ile, lakini hakutazama picha wala viti. Alipiga magoti, akapapasa chini ya ukingo wa meza, akapata mahali kitambaa kilipokunjwa na kupigiliwa misumari. Akachomoa nyuzi kutoka kwenye pindo hilo, moja moja, kijani kile kile. Kisha akainamia tundu akaanza kutililia, uzi juu, uzi chini, akifuata jinsi kilivyofumwa. Mimi nilisimama dirishani nikiangalia barabara. Mtoto akalia. Akamnyonyesha akiwa wima huku mkono mmoja unashona.

"Baba mtoto, acha kuhema hivyo, unanitetemesha mkono," akasema.

Alipomaliza akavichambua vinyweleo kwa ncha ya sindano, akavilaza upande unaotakiwa. Niliangalia pale mahali nikapapoteza. Ngai! Nilipiga brashi mara tatu, na saa tisa alikuwa amesharudi lainini. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda siku ile.

Jumamosi bwana alipitisha kiganja juu ya meza kabla wageni hawajafika, kama desturi yake. Mkono ukasimama. Akainama, akawasha taa mchana kweupe, akavaa miwani.

"Hapa iko tundu," akasema. "Nani nashona hii?"

Nikamweleza habari za cheche, nikingoja matusi. Hakutukana. Alikuwa anashangaa tu. "Hii kazi mzuri sana. Fundi ya Thika?"

"Hapana, bwana."

"Basi nani? Wewe?" Akacheka, akanishika mkono wangu mnene akautazama. "Wewe hapana weza. Hii mkono ya nyani."

Nilikuwa nimeokoka. Ningecheka naye, ningesema ndiyo bwana ni mimi, hata kama angenidhihaki mpaka jioni. Lakini kile kicheko kilinipanda kichwani, na sifa ile ilikuwa ya mtu, na mtu huyo alikuwa wangu.

"Ni mke wangu," nikasema. Na nikalisema kwa sauti, kifua mbele.

"Wewe iko na bibi hapa?" Alisema kwa upole kabisa. Akamwita bibi yake aje aone ile kazi.

Jumatatu nyapara aliitwa ofisini. Jumanne lori lilikuja. Bwana hakuwa amekasirika, aliniambia tu kwamba sheria ni sheria na kwamba kazi yangu ninayo, nisiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimefunga viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, bado vya moto, nikasimama nyuma ya lori huku askari akimsukuma apande. Mtoto alikuwa amelala. Mke wangu akageuka, akaniuliza taratibu, kana kwamba alitaka kujua tu:

"Kwani ungekufa ukisema ni wewe?"

Lori likaondoka nikiwa bado nimeshika viazi.