Shoga Yangu, Kadi za Mchango na Namba za Watu

Hivi wewe, ukipewa siri za watu wa kujaza ukumbi wa harusi, utaweza kunyamaza? Mie ningeshapasuka zamani! Lakini mjukuu wangu wa kike, huyu ninayekaa naye hapa Chang'ombe, ndiyo kazi yake hiyo.

Anaandika barua ya mapishi. Kila Ijumaa anaituma, inaingia kwenye imeili za watu: wiki hii nyanya zimeshuka bei sokoni Mabibo, bilinganya uzipike hivi. Mie shule niliigusa tu nikaondoka, kwa hiyo yangu ananisomea. Watu wakijiunga wanaacha jina na namba ya simu, na wengine wanamweleza ya ndani kabisa: mie tumbo, mie mimba changa, mie mume hali ninachopika. Anawashauri chakula. Na mtu akisema nitoe, anamfuta palepale, jina na namba, hata kwa nini hamuulizi. Mie ningemuuliza!

Sasa shoga yangu wa nyumba ya pili akawa anaoza mwanawe. Si mnazijua kamati za harusi za mjini hapa? Kadi ya mchango inarushwa kwa kila mwenye simu, hata fundi aliyekuzibia bomba mara moja. Akaja kajifunga khanga mpya. "Shoga, mjukuu wako ana watu wale. Anipe namba zao, niwarushie kadi."

Jamani, huyu nilipolazwa ndiye aliyekuwaga ananiletea uji kila asubuhi. Nikimnyima, si nimempoteza? Nikamwita mjukuu.

"Shikamoo mama," akamwamkia. Aliposikia shida yenyewe, akasema, "Nisamehe mama, siwezi. Hawa walinipa namba kwa ajili ya mapishi, sio michango."

"We mtoto! Namba inaliwa?"

"Hailiwi, ila sio yangu."

Shoga akanigeukia. "Unamsikia? Haya, siku ya ubwabwa msije mkasogeza sahani zenu!"

Roho ikaniuma. Ubwabwa naupenda, na yeye nampenda zaidi. Nikambembeleza mjukuu, "Mpe hata za watu watano tu."

"Bibi, nikitoa za watano ndiyo nimeanza kugawa. Na mama mwenyewe si msomaji wangu? Kesho kamati nyingine ikija, na yake niitoe?"

Shoga kashafika mlangoni. Akasimama. "Na yale niliyokuandikia?"

"Yapo, mama. Hajayaona mtu."

Loo, ungemwona! Akarudi, akakaa, akajipepea na ncha ya khanga. "Basi mwanangu, funga. Funga kabisa! Mchango nitaomba kwa ndugu zangu." Tulicheka mpaka chai ikapoa, na siku ya harusi ubwabwa nililetewa sinia zima.

Lakini siku ile ya namba, shoga alivyotoka tu, nikamvaa mjukuu. "Aliandika nini?"

"Bibi!"

"Ninong'oneze tu."

"Bibi, jamani!"

Nikanuna, nikasusa mpaka chakula cha usiku. Wapi! Mwishoni nikamwambia, basi na mie nina langu la kukuambia, lakini mama yako mzazi atakuchimba mpaka useme. Akacheka, akanishika mkono, akaniahidi: mama yake akiuliza, jibu litakuwa moja tu, "Kamuulize bibi mwenyewe."