Kabati la Bibi na Maji ya Zafarani

Mwezi uliopita nilipita kwa maseremala wale wa kando ya barabara, pale wanapopanga vitanda na makabati juani, nikasimama bila haja ya kununua chochote. Fundi mmoja alikuwa anapaka vanishi mlango wa kabati. Akanisalimu, "Shikamoo mama, karibu," nikamwitikia marahaba, kisha nikabaki nimeduwaa mbele ya kazi yake mpaka akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Vanishi ya siku hizi inanukia mafuta ya taa. Mimi nilikuwa naitafuta harufu nyingine, na nilijua fika kwamba pale sitaipata.

Nikueleze, mwenzangu, maana jambo hili nimekaa nalo zaidi ya miaka sitini na sijawahi kumsimulia mtu mmoja lote.

Nyumba yetu ilikuwa Bagamoyo, nyumba ya udongo na makuti yenye ua mpana nyuma, na ninayoyasema yalikuwa miaka michache baada ya vita vya pili. Tulikaa watatu: bibi mzaa mama, mama, na mimi niliyekuwa na miaka tisa hivi. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, tukimwona Idi kwa Idi. Asubuhi nilikuwa naamshwa na mlio wa mbuzi ya kukunia nazi, mama akitayarisha vitumbua vya kuuza. Nilikunywa chai ya mchaichai na kimoja kilichoungua pembeni, maana vizuri vilikuwa vya wateja, kisha nikaubana ubao wangu kwapani nikaenda chuoni kusoma Kurani.

Kabati lilikuwa chumbani kwa bibi. Lilikuwa la msaji, refu, lenye milango miwili na maua yaliyochongwa juu, na miguu minene ya mviringo. Lilikuwa la babu, ambaye mimi sikumdiriki. Babu alikuwa mwandishi wa barua pale forodhani. Asiyejua kuandika alimwendea akamwambia la moyoni, naye akaliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko ambao wazee wa mji walikuwa bado wanausifia miaka mingi baada ya kufa kwake. Bibi hakujua kusoma hata alifu. Ndani ya kabati aliweka kanga zake nzuri, chupa za marashi, udi, mafuta ya nazi ya nywele, na sanda yake, aliyokwisha kuinunua na kuikunja mapema kama wafanyavyo wazee wetu. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga. Hakuna aliyefungua kabati lile ila yeye.

Masika ya mwaka ule paa lilivuja vibaya. Maji yalituama chini ya kabati, mchwa wakaona nafasi yao, wakala mguu mmoja wa nyuma. Kabati likalala upande, mlango ukaning'inia, rangi yake ya zamani ikababuka na kuwa nyeupe nyeupe mithili ya ngozi yenye ukurutu. Na bibi naye akaanguka kitandani kwa homa na kifua. Tukamhamishia chumbani kwa mama, ambako hakukuvuja, lakini hakutulia.

"Mie silali vyema na kabati langu limepiga magoti," alimwambia mama. "Mwite fundi. Nataka nirudi chumbani kwangu nilikute limesimama."

Fundi alikuwa jirani yetu, mzee mwembamba aliyezoea kuzungumza na mbao. "Tulia, bi mkubwa, tulia, sikuumizi," alikuwa akiliambia kabati huku akiuchomoa mguu ulioliwa, na mimi nikicheka kwa kujificha. Alichonga mguu mpya, akaing'oa milango ili azinyooshe bawaba, akailaza uani juu ya mkeka mkuukuu. Kazi ya kukwangua rangi ya zamani akatuachia sisi, mama na mimi. Alisema mikono ya seremala si ya kukwangulia. Mama alisema ni uvivu tu, akamwambia mbele yake.

Nilikwangua siku mbili. Kwanza tulitumia vigae vya chupa, tukivuta taratibu kufuata mistari ya mbao, na rangi ikitoka kama maganda ya kitunguu. Kisha tukasugua kwa majani ya msasa, yale majani makavu yanayokwaruza kama ulimi wa paka, mpaka msaji ukaanza kuonyesha wekundu wake. Vidole viliniuma hata nikashindwa kushika kalamu chuoni, mwalimu akanikaripia. Lakini niliipenda kazi ile. Nilipiga magoti juu ya mlango, wakati mwingine nikaukalia kabisa, nikaimba kaswida. Kwa pembeni fundi alikuwa akiponda sandarusi, ule utomvu mgumu wa manjano waliokuwa wakiuchimba mashambani huko nyuma, akiuyeyusha na mafuta katika kopo juu ya makaa. Moshi wake ulikuwa mtamu na mzito, kama ubani uliochanganywa na asali iliyoungua. Hiyo ndiyo harufu niliyokuwa nikiitafuta kwa maseremala.

Siku ya tatu mama alikwenda sokoni na fundi alikuwa hajafika. Upande wa nje wa mlango ulikuwa umekamilika, nikaugeuza nione kama kingo zimebaki na rangi. Upande wa ndani ulikuwa na maandishi.

Mistari minne, ya manjano iliyoelekea wekundu, herufi za Kiarabu. Mimi nilikuwa nasoma herufi zenye irabu, tena kwa kuburura kidole. Hizi hazikuwa na irabu hata moja, zimeandikwa kwa mkono wa haraka, nisiweze kuambulia neno. Lakini rangi niliijua. Ilikuwa zafarani. Na kwa zafarani, kwa nilivyojua mimi, kiliandikwa kitu kimoja tu. Siku tatu mfululizo mwalimu wa chuo alikuwa amemletea bibi kombe: sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani, ikaoshwa kwa marashi ya maji ya waridi, na bibi akanywa yale maji apate shifaa. Basi hizi nazo ni aya. Na mimi nilikuwa nimezikalia siku mbili, zimelala chini kwenye mkeka, kuku wakizirukia.

Sijui nikueleze vipi hofu iliyonishika. Tulikuwa tumefundishwa kwamba hata kipande cha karatasi chenye herufi hizo ukikikuta njiani unakiokota na kukichomeka ukutani, na maji ya kuoshea ubao huyamwagi wanapokanyaga watu. Kisha nikapata wazo, na wazo lile nililiona jema kuliko yote niliyowahi kuyapata.

Nilitawadha. Nikachukua mrashi wa bibi na bakuli jeupe la Idi, nikauinamisha mlango, nikamimina marashi kidogo kidogo juu ya mistari ile huku nikisoma Fatiha. Msaji una mafuta, wino haukuzama. Ulitiririka karibu wote bakulini, rangi ya chai hafifu. Palipobaki alama nilipasugua kwa jani la msasa hadi mbao ikawa safi, nikavikusanya hata vile vivumbi nikavifukia chini ya mkomamanga. Halafu nikaenda kwa bibi na bakuli mikononi, nikitembea polepole lisimwagike.

"Bibi, nimekuletea kombe."

Aliinuka akaegemea kiwiko. "Bismillahi," akasema, akanywa mpaka tone la mwisho, akapangusa mdomo kwa kanga. "Mwalimu kaja saa hizi? Mbona sikumsikia akipiga hodi?"

"Hajaja, bibi. Aya zilikuwa kwenye mlango wa kabati lako, zimelazwa chini. Nimeziosha mimi."

Bibi alinitazama.

"Zote?"

"Zote, bibi. Hata alama nimezipiga msasa."

Nilikuwa nasubiri anisifu. Bibi aliliangalia bakuli tupu lililokuwa mkononi mwake, akalizungusha, akachungulia ndani yake kana kwamba limebakiza kitu. Akaliweka mkekani. Aliweka kiganja chake kifuani akakiacha hapo, na kwa sauti ya chini sana, si kwangu, akasema, "Nimewanywa wanangu."

Mama alirudi akatukuta hivyo. Alipoelewa, aliinua mkono kunipiga, na bibi, ambaye tangu juzi hakuwa na nguvu ya kusimama, akamdaka kifundo cha mkono. "Mwache. Kaniletea kwa adabu."

Ndipo nikaambiwa, na aliyeniambia ni mama, jikoni, akikuna nazi kwa hasira. Kabla yake yeye, bibi alizaa watoto wanne na wote wakafa wadogo, mmoja baada ya mwingine. Bibi hakuweza tena kuyatamka majina yao. Kila akijaribu alikosa pumzi. Babu ndiye aliyeyaandika ndani ya mlango, na siku walizozaliwa, yasipotee. Hakutaka kutumia wino wa barua za watu, akatafuta zafarani. Mama, aliyezaliwa wa tano, alikua bila kuyasikia. Alikuwa amemwambia fundi upande wa ndani usiguswe. Mimi sikuambiwa, kwa kuwa nilikuwa chuoni, na nani angefikiri kumkataza mtoto kuosha kabati kwa marashi?

Nikakumbuka pia nilichokuwa nikikiona kila Alhamisi jioni: bibi mbele ya kabati lililo wazi, amesimama, midomo inacheza. Nilidhani anatafuta mafuta ya nywele.

Bibi alipona. Juma lile lile homa ilimtoka, na majirani wakalisifu kombe la mwalimu, nasi hatukumsahihisha mtu. Kabati likarudi chumbani, mguu mpya chini yake, sandarusi iking'aa hata unaona kivuli cha uso wako. Fundi alikuwa na haki ya kujivuna. Alhamisi ilipofika bibi alilifungua, akasimama mbele ya mlango msafi muda mrefu, akalifunga. Midomo haikucheza. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika fagio, na mpaka leo sijaona kitu kilichonichoma namna ile.

Mwalimu wa chuo alipopata habari alikuja mwenyewe. Alisema majina yaandikwe upya, na kwamba niandike mimi niliyeyafuta, apate bibi kuniridhia. Alinitengenezea wino, akanichongea kalamu ya unyasi. Bibi alikaa juu ya kiti kidogo, amejitanda vizuri, mimi nimepiga magoti mbele ya mlango ulio wazi, harufu ya sandarusi bado mbichi.

Bibi alisema jina la kwanza. Lilitoka kwa tabu, kwa sauti ambayo sikuijua. Nikaliandika, kubwa, lenye irabu zote, mwandiko wa mtoto. Akasema la pili, nikaliandika chini yake. Kisha akavuta pumzi kusema la tatu, midomo ikafunguka, na nikamwona anatafuta. Sikujua anatafuta jina au anatafuta nguvu. Machozi yalimtiririka, asiyafute.

"Tutamalizia kesho, mjukuu wangu," akasema.

Kesho yake hakuniita. Wala kesho kutwa. Wino ulikauka ndani ya kichupa. Bibi aliishi miaka mitatu zaidi, tukila pamoja sinia moja, nikimsuka nywele, nikimsindikiza kwa jamaa Saadani na kurudi naye, na katika miaka yote mitatu sikuwahi kumwambia, "Bibi, yale mawili je?" Niliogopa kumliza. Nilijiambia ataniita mwenyewe akiwa tayari. Leo naona huenda alikuwa akinisubiri mimi nimwulize, na hilo ndilo linaloniamsha. Kuosha kwangu kulikuwa kwa mtoto, hata Mungu anajua. Kunyamaza nilinyamaza nikiwa najua ninachofanya.

Sanda yake niliitoa mimi kabatini. Kwenye mlango yalikuwa majina mawili na chini yake nafasi ya mawili.

Nyumba ile haipo tena. Mimi niliolewa Dar es Salaam, mama akahamia kwangu, kabati likachukuliwa na jamaa wengine, na nilipokwenda kuliulizia miaka baadaye waliniambia liliharibika, likavunjwa kuwa kuni. Wachimba sandarusi sijawasikia tena; majani ya msasa watu wanayapita njiani. Mwandiko wa babu niliusaka kwa wazee wote waliokuwa na masanduku ya karatasi, Bagamoyo hadi Pangani, nisipate hata barua moja. Mtu wa mwisho kuuona ni mimi, na nikifumba macho kuukumbuka nauona ukichuruzika kuingia bakulini.

Watoto wangu hunikuta nimekaa juu ya mswala baada ya swala, nawaombea marehemu wetu. Mimi huanza na bibi, babu na mama. Kisha husema yale majina mawili. Halafu hunyamaza kiasi cha kutosha majina mengine mawili, ndipo naendelea na Fatiha.