Umeme Arudi Wodini

Siku ya kurudi kazini, muuguzi aliamka kabla simu haijalia, akapiga pasi sare mara mbili, akaingia bafuni akiimba. Dada yake, aliyehamia kwake tangu alipougua, alisimama mlangoni amekunja uso.

"Mdogo wangu, hiyo ni furaha, au mambo yameanza tena?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Muuguzi huyu alikuwa amehudumia wagonjwa wa akili miaka kumi na moja, na kwa miaka minne ya mwisho alificha kwamba yeye mwenyewe anaumwa. Wenzake walimwita Umeme kwa jinsi alivyochapa kazi. Hawakujua kuna wiki alikuwa hapati usingizi, mawazo yakimwenda mbio, na nyingine akijifungia chooni kulia. Mwishowe alikaa siku tano bila usingizi, akaanza kuwaandikia wagonjwa ruhusa ya kwenda nyumbani, wodi nzima. Daktari alimshika mkono taratibu akampeleka kitandani, wodi ileile. Wiki sita alitibiwa na watu aliowafundisha mwenyewe kuchoma sindano, kisha akapumzishwa nyumbani miezi mitano.

"Nimelala masaa saba, dada. Dawa nimemeza, damu nimepima juzi, kiwango cha dawa kiko sawa. Hii ni furaha ya kawaida tu. Nilishasahau ilivyo."

Dada alimchunguza, kisha akacheka. "Haya, imba. Ila upunguze sauti, majirani hawajakukosea."

Mlangoni mwa wodi alisimama kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Muuguzi mkuu alimtupia funguo. "Shika zako. Zimenitoboa mfuko."

Saa nne, zamu ya dawa, mama mmoja mwalimu wa hesabu alifunga mdomo na kusukuma kikombe.

"Nyinyi kazi yenu kugawa tu. Hamjui zinavyomfanya mtu."

Umeme hakuwa amepanga kusema lolote siku hiyo. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Hizi nameza mwenyewe, mwalimu. Nilipoanza, mikono ilitetemeka mpaka chai inamwagika, na kiu hainiishi. Nikamwambia daktari, akapunguza dozi."

Mwalimu alimkazia macho. "Wewe? Na sare hiyo?"

"Nililala kitanda kile cha dirishani. Godoro lake lina bonde katikati."

"Hilo bonde nalijua," alisema mgonjwa wa kitanda hicho. "Mgongo wangu shahidi." Wodi ikaangua kicheko, mwalimu naye akashindwa kujizuia.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nitaweza tena kusimama ubaoni?"

"Siwezi kukuahidi. Mimi kusoma ukurasa mzima kulinichukua miezi mitatu. Leo nimesoma mafaili kumi na manne."

Mwalimu alimeza vidonge. Wengine wakasogea na maswali: vipi kuhusu kunenepa, mume akikimbia, mwajiri akijua. Umeme alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua akayaandika ili amuulize daktari. Mwili mzima ulikuwa ukimsisimka.

Muuguzi mkuu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alimwita pembeni.

"Saa nzima kila Jumanne, wewe na wao, mzungumze hivi. Unataka?"

"Nataka. Hata leo ningeendelea."

Alipokuwa akirudi na kitoroli cha dawa, daktari kijana alimfuata koridoni, akatazama nyuma kwanza.

"Sista, mimi pia natumia dawa. Mwaka wa pili huu. Hakuna anayejua hapa."

Umeme alisimamisha kitoroli. "Umekunywa chai?"

"Bado."

"Twende tukanywe, unieleze."