Magadi Kwenye Fuvu la Fahali

"Utauzia nani vichwa vya ng'ombe? Mbwa?" Mjomba wangu aliniuliza hivyo mbele ya watu, wiki niliyorudi Sigor kutoka Afrika Kusini, na wote wakacheka. Walisema sitaweza. Watu ambao hawajamaliza hata kozi ya wiki moja walinihurumia mimi, mwenye diploma ya maabara na miaka sita ya kuandaa mafuvu ya kupamba kuta za matajiri.

Hata hivyo mjomba alinikopesha. Nisipolipa kufikia mwisho wa mwezi, angechukua mtamba wa mama, ng'ombe pekee aliyebaki kwetu. Chama cha akiba cha mke wangu na mwenye duka la pembejeo walinikopesha pia, wakiniangalia kama mgonjwa.

Mwenye hoteli moja ya Kericho alikuwa ameagiza mafuvu sita ya fahali wa pembe ndefu. Sita kamili, la sivyo halipi. Nilinunua vichwa kwa wachinjaji, nikavichuna na kuviloweka kwenye mapipa nyuma ya nyumba. Majirani walipita wameziba pua. Niliwaacha wazibe. Mfupa umeivaa pembe kama soksi; nyama iliyo katikati ikioza, unaizungusha pembe, inateleza na kutoka. Kisha unakwangua, unaosha, unaupaka mfupa peroksaidi uwe mweupe, na pembe unaisugua kwa kipande cha kioo, halafu msasa. Maji hayachemshwi kamwe. Hayo mambo husomewa.

Kosa langu lilikuwa kwenda Bomet kununua peroksaidi na kumwachia shemeji, kaka wa mke wangu, fuvu la sita likiwa kwenye maji ya uvuguvugu juu ya moto mdogo, pembe nje, ili nyama iliyobaki iachie. Niliporudi nilikuta moto unanguruma na sufuria inafoka, pembe zote mbili zimezamishwa ndani.

"Shemeji, nimekusaidia," akasema. "Uliacha moto kidogo kama wa uji wa mtoto. Na nimeweka magadi."

"Magadi ya nini?"

"Ilainike. Kichwa ya fahali ni ngumu, wewe ulikaa nje sana."

"Kwani unataka kula?"

"Sasa kama si ya kula, hii kuni yote ni ya nini?"

Huyo ndiye aliyekuwa akiiita diploma yangu karatasi. Mifupa ya pua ilimeguka mkononi mwangu kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Pembe moja ilikuwa imepasuka hadi nchani. Zilibaki siku nne mwezi uishe.

Nilipanda bodaboda hadi Ndanai, nikapata kichwa kingine. Muda wa kuloweka haukuwepo, kwa hiyo nilitumia joto dogo: kichwa ndani ya maji yasiyochemka, pembe nje, zimefungwa gunia lililoloweshwa. Nilikaa kando ya moto huo mwenyewe tangu asubuhi. Shemeji nilimkataza kuvuka ua. Mchana ulipokuwa unaisha nilishika pembe, nikazungusha, ikatoka nzima. Ya pili ikafuata. Nilipoyafikisha mafuvu Kericho, mwenye hoteli aliyakagua yote sita na hakuweza kutambua ni lipi lililofanywa kwa haraka. Mimi mwenyewe ningepata shida.

Siku niliyolipwa, nililipa chama kwanza, kisha mwenye duka, halafu nikaenda nyumbani kwa mama. Mjomba alikuwa ameshafika, amesimama karibu na mtamba, kamba mkononi. Nilimpa pesa zake. Alizihesabu mara mbili. Akaikunja kamba yake, akaenda.