Nilipouliza stejini "Mimi ni nani?", ukumbi mzima wa Garissa ukanijibu

Wakuu, asalaam aleikum. Mimi ni mzee, simu hii ni ya mjukuu, na haya yalinipata mwenyewe. Anayetaka kusema ni chai, alete na sukari yake.

Ilikuwa Garissa, miaka ya vita vya Shifta, serikali ya Kenya na Wasomali waliotaka kujitenga. Hali ya hatari, kafyu, watu kukusanyika marufuku.

Katikati ya balaa hiyo shuleni kwetu akaletwa Mwalimu Mwakio, Mtaita, katoka chuo na kichwa kimejaa falsafa. Akasema ataandika drama na kuiongoza mwenyewe.

Tukafurahi. Tukauliza, ngamia anaingia saa ngapi?

"Hakuna ngamia. Ni mtu mmoja tu. Anauliza yeye ni nani, hajibiwi, anabaki peke yake. Hiyo ndiyo vision yangu."

Hata kiti alikiondoa. Eti binadamu hapewi kiti duniani. Haki ya Mungu!

Mtu huyo nikawa mimi, Hussein. Mazoezi yenyewe ni kunyamaza. Nikipumua kwa sauti, nagombezwa.

Ruhusa ilitoka kwa ofisa mmoja wa utawala, na sharti juu: kelele zikitokea, Mwalimu anapandishwa lori arudi kwao, na drama shuleni kwisha. Maskini, hata usingizi hapati.

Siku ikafika. Ilikuwa mchana, kwa sababu ya kafyu. Wazee mbele, kina mama nyuma, ofisa pembeni, askari wake mlangoni.

Nikatoka. "Mimi ni nani?"

Kimya. Mwalimu yuko kando ya pazia anatabasamu.

"Mimi ni nani? Nimetoka wapi? Hakuna anayenijua!"

Sasa wakuu, muelewe. Kwetu Wasomali mtoto hufundishwa majina ya mababu zake kabla hajajua kuchunga mbuzi. Tunaita abtirsi. Kijana mzima kusema hajui alikotoka, huo ni ugonjwa. Au jini.

Adeer Bulle, ndugu ya baba yangu, akasimama. "Waryaa! Wewe ni Hussein! Hussein wa Abdi, wa Gedi, wa Farah, wa Samatar..."

"Umeruka Hirsi!" mzee mwingine akadakia.

"Hirsi ni wa nyumba ingine!"

Wallahi ukumbi ukagawanyika mara mbili kwa ajili ya Hirsi, marehemu wa zamani za kale. Wazee wakapanda stejini kunihesabia mababu kwa vidole. Mama naye huyo, na kibuyu cha maziwa ya ngamia, ananisomea Ayatul Kursi kichwani, aya ya kufukuza majini. "Kunywa mwanangu, ni jua tu."

Askari wakashika bunduki. Ofisa akafoka, "Mwalimu! Hawa watu wanapanga nini?"

Mwalimu akatoka kwenye pazia, jasho linamtiririka. Akanitazama, akawatazama wale wazee.

"Tulia, Afande. Ndiyo drama yenyewe. Hawa wote ni waigizaji wangu."

Ofisa akaketi. Mwisho akapiga makofi. Akasema wazee wana kipaji ajabu, ila kijana wa katikati hajui kuigiza.

Basi Mwalimu akabaki Garissa, mimi nikaachishwa drama!

Funzo: Msomali usimuulize yeye ni nani kama una haraka.

Na lingine. Miaka ile askari wa kizuizi cha barabarani akikuuliza wewe Msomali ni nani, jibu lolote lilikuwa kosa. Siku ile niliuliza mwenyewe, na watu wangu wakagombana nani anijibu. Nililia pale pale, maziwa mdomoni, na sikuwa naigiza.

Haya, kwenu mtu akitangaza hajulikani, nani angesimama kwanza? Niambieni, nipo nasoma.