Mpelelezi Aliyeingia Bila Hodi

Nafundisha baiolojia katika sekondari moja karibu na Ipinda, na siku za mapumziko naandika hadithi za sayansi ya kubuni. Mimi ni mtu wa Singida. Mume wangu analima kakao Busale, na tunaishi kiwanja kimoja na mama yake, mjane wa miaka sitini na kitu, ambaye kicheko chake husikika hadi barabarani.

Mwaka juzi, msimu wa kuanika kakao, nilimaliza hadithi niliyoipenda kuliko zote. Ilihusu mji wa kando ya ziwa, miaka mia ijayo. Mtu mmoja ametega sumu kwenye maji ya kunywa. Amekamatwa, lakini hasemi ameitega wapi. Mpelelezi, mwanamke mwenye kipaji cha kusikia mawazo ya watu, anamfunga kwenye kiti na kuingia kichwani mwake kwa nguvu. Anaiona sumu ilipo. Mji unapona, watu wanapiga vigelegele, hadithi inaisha.

Mama mkwe alikuwa akigeuza kakao mkekani. Akaniomba nimsomee, nikamsomea yote.

"Ndaga, mwanangu," alishukuru kwa lugha yake. "Na yule mfungwa, alikubali kuingiwa?"

"Hapana, mama. Ni mhalifu, angekubalije?"

"Huko ndani mpelelezi aliona sumu peke yake?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Nikasema labda aliona na mengine.

"Mimi nilipoolewa hapa," mama akasema, "hata uso wa baba mkwe sikuutazama. Nikimsikia anakohoa njiani, naingia migombani mpaka apite. Siku nyingine na ndoo ya maji kichwani! Mila hiyo ilikuwa taabu, sitaki irudi. Lakini nilijua mtu ana mahali pasipoingilika. Wewe mtu wako kaingia mpaka kichwani, na vigelegele juu."

Nilimjibu kwamba hadithi ni hadithi. Kusema kweli, nilinuna.

Siku hizo mama alikuwa ameanza kutoweka kila Jumamosi mchana. Akirudi, midomo imevimba kama aliyeng'atwa na nyuki. Tukimuuliza, anasema alikwenda Ipinda kusalimia watu. Mume wangu alidhani anaumwa na anatuficha. Mimi nilidhani hivyo pia, au nilijipa sababu ya kudhani.

Jumapili moja aliacha simu yake chumbani kwangu ikichaji. Namba ya siri niliiweka mimi mwenyewe siku aliponunua simu hiyo, kwa hiyo kuifungua haikunichukua muda. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa mwalimu wa bendi ya kanisa: "Mama, Jumamosi tunarudia ubeti wa pili. Usikaze sana midomo." Mama alikuwa akijifunza tarumbeta! Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Hapo nilipaswa kuifunga simu. Sikuifunga. Nikaendelea hadi kwenye maneno aliyomwandikia dada yake: "Mkwe wangu ni mtu mwema, ila naogopa kuongea mbele yake. Kiswahili chake kimenyooka, changu anakikata kama majani."

Kicheko kilikatika. Ni kweli, akisema "balabala" mimi humalizia "barabara", kwa mazoea ya darasani tu. Kumbe kila mara nilikuwa namfunga mdomo.

Kuanzia siku hiyo sikumsahihisha tena. Nilijiona nimetengeneza mambo. Wiki haikuisha, akaja akasimama mlangoni mwa jiko.

"Leo nimesema balabala mara tatu, umenyamaza. Una nini?"

Nikamwambia yote. Hakugomba. Alirudi kwenye mkeka wake, na kwa siku mbili alinisalimia kwa adabu kubwa, kama mgeni. Adabu ile iliniumiza kuliko matusi. Siku ya tatu alikuja akakaa karibu yangu.

"Umechukua vyangu viwili. Nipe vyako viwili."

Nikamwambia ndizi zake za maharage huwa nawapa kuku. "Ndiyo maana wamenenepa!" akasema. Cha pili nilikitoa kwa shida: nilipoletwa Busale nilifanya mazoezi ya "ugonile", salamu ya kwao, mbele ya kioo wiki nzima, kwa kumwogopa yeye. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na mimi nikamfuata.

Tulipotulia nikamuuliza, "Ungekuwa yule mpelelezi, mama, ungefanyaje?"

"Maji wanayokunywa wajukuu? Ningeingia, mwanangu, hata kwa kuvunja mlango. Lakini nikitoka nisingepokea kigelegele cha mtu. Ningekaa mbele yake nimwambie, nimeona hiki na hiki, na hukunikaribisha."

Nikaandika upya mwisho. Mpelelezi anarudi gerezani kusema aliyoyaona, na mfungwa anakataa kumsamehe. Niliisoma kwenye klabu yetu ya usomaji shuleni, wanafunzi wakabishana mpaka kengele. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akauliza, "Na kama wangekuwa wamemkamata mtu ambaye siye?" Sasa naandika hadithi nyingine kwa ajili ya swali hilo, na inanishinda vizuri sana.

Siri ya tarumbeta tuliitunza sisi wawili mpaka Jumapili ya mavuno. Bendi iliposimama, mume wangu alikuwa akitafuta ukurasa wa wimbo. Noti ya kwanza ya mama ilitoka kama ndama anayeita. Ubeti wa pili ulitoka safi kabisa. Mume wangu akainua kichwa, akamwona mama yake amevimbisha mashavu katikati ya vijana, akaanza kupiga makofi kabla wimbo haujaisha. Kanisa zima likamfuata, na mchungaji akasubiri tumalize.

Nje, mume wangu alimkumbatia mama yake, kisha akanigeukia. "Wewe ulijua?"

"Nilijua," nikasema. Mama akanishika mkono, akaanza yeye mwenyewe kumsimulia mwanawe, kuanzia Jumamosi ya kwanza.